Chini ya Rangi Nyeusi: Kazi ya Kurudisha Sura ya Mizinga ya Kale

Ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa, ipo mizinga miwili iliyowahi kuwa maadui. Mmoja ni wa manowari ya Uingereza, HMS Pegasus; mwingine ni wa manowari ya Ujerumani, SMS Königsberg. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Pegasus ilikuwa imetia nanga Zanzibar, mashine zake zimefunguliwa kwa matengenezo, pale Königsberg ilipotokea na kuanza kuipiga. Mizinga ya Mjerumani, ya milimita 105, ilifika mbali kuliko ile ya Mwingereza ya milimita 102, na haikupita saa moja shauri likawa limekwisha. Mabaharia zaidi ya 30 wa Pegasus walipoteza maisha, na wengi wao wamezikwa Chapwani, kisiwa kidogo mkabala na Mji Mkongwe. Upande wa Königsberg hakufa mtu.

Habari hii imeandikwa mara nyingi. Jambo lisiloandikwa ni rangi. Ukizunguka ngome za pwani yetu, na za nchi nyingine zenye bahari, utaona mizinga mingi ya kale imevishwa vazi moja: nyeusi ya kung'aa, ile ile inayopakwa mageti na nguzo za uzio. Kila ikija sherehe au mgeni mkubwa, kopo jipya hufunguliwa na mzinga hupakwa tena juu ya kutu iliyosuguliwa nusunusu kwa brashi ya waya. Wanaofanya hivyo wana nia njema, na kweli chuma kisichopakwa chochote kando ya bahari hakina miaka mingi. Lakini sura ya asili ya silaha ya kale ni sehemu ya ushahidi wake, sawa na maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, na ushahidi huo unafutwa kwa msasa na tina bila mtu yeyote kujua kimefutwa nini. Nadhani ni wakati wa kulisema hili waziwazi, maana vyuma hivi ni vichache na havitengenezwi tena.

Tuuchukue mzinga wa Königsberg. Manowari hiyo iliteremshwa majini Kiel mwaka 1905 na kuanza kazi 1907, ikiwa na mizinga 10 ya aina hiyo, kila mtutu ukiwa na urefu wa mita nne na ushee. Baada ya kuizamisha Pegasus ilijificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, hadi meli mbili za Uingereza zenye kina kifupi, Severn na Mersey, zilipoifuata mwezi Julai 1915. Tarehe 11 mwezi huo nahodha wake, Max Looff, aliamuru ilipuliwe na watu wake wenyewe. Meli ilikaa kwenye tope, lakini mizinga yote 10 ilitolewa. Ilikokotwa na mamia ya watu, Waafrika waliotumikishwa kazi hiyo, kupitia matope na njia za mchanga hadi Dar es Salaam. Karakana za mji huo ziliitengenezea magari ya magurudumu, ikasambazwa katika koloni la Wajerumani kumfuata kamanda wa jeshi lao, Lettow-Vorbeck, na vita vyake. Inayojulikana zaidi leo ni mitatu: huu wa Mombasa, mmoja uliowekwa Pretoria kwenye viwanja vya Union Buildings, na mwingine Jinja, Uganda.

Sasa mtu akiniambia anataka kuurudishia mzinga kama huo sura yake ya asili, swali langu la kwanza ni: asili ya mwaka gani? Ulipofungwa kwenye sitaha ulikuwa na rangi ya jeshi la majini. Ulipofika nchi kavu, askari waliokuwa wakiuficha vichakani hawakuwa na sababu ya kuuacha na sura ile ile. Ukatekwa, aliyeuteka naye alikuwa na rangi zake. Kisha ukawa kumbukumbu ya vita, halafu kitu cha makumbusho. Kuna watunzaji wanaoshika kanuni ya kurudi kiwandani, na matokeo yake ni mzinga mpya usiojua kwamba uliwahi kupita Rufiji. Mimi nasimama na wale wanaochagua siku moja katika maisha ya kifaa, wakaeleza kwa nini wameichagua, na wakaacha dalili za siku nyingine zionekane. Kwa mzinga wa Königsberg, mimi ningechagua siku za magari ya magurudumu. Meli zenye mizinga ya namna ile zilikuwa nyingi, lakini mizinga ya meli iliyokokotwa na watu katika bara ni michache mno.

Kazi yenyewe huanza kwa kutafuta, na kopo la rangi linakuja mwisho kabisa. Fundi wa uhifadhi hatafuti mahali pa wazi. Anakwenda kwenye pembe ambazo jua, mvua na mikono ya watalii haikufika: chini ya bamba, nyuma ya kichwa cha bolti, ndani ya kona ya gurudumu. Hapo anachukua msasa laini sana, anaulowesha maji, na kusugua duara dogo lisilozidi sarafu, akibonyeza zaidi katikati kuliko pembeni, mpaka chuma kitokee katikati ya duara. Akikipangusa kile kidimbwi, tabaka zote zinajitokeza kwa pete, ya zamani ndani na ya karibuni nje, kama pete za gogo lililokatwa. Nje kabisa nyeusi ya kung'aa. Chini yake labda nyeusi nyingine, kisha rangi ya fedha ya enzi fulani, kisha rangi nyekundu ya msingi, kisha kijivu, kisha nyekundu nyingine iliyoiva zaidi, halafu chuma.

Kuzihesabu pete hizo ni kazi ya dakika moja. Kuzisoma ndiko kunakotaka jicho. Kati ya pete mbili kukiwa na mstari mwembamba wa uchafu, masizi au chumvi, maana yake tabaka ya chini ilikaa nje muda mrefu kabla ya kufunikwa, kwa hiyo ilikuwa sura halisi iliyoonwa na watu. Pasipo na mstari huo, tabaka mbili ni za kazi moja: ya chini ni msingi tu, na hakuna aliyewahi kuuona mzinga ukiwa na rangi hiyo. Ndiyo maana mtu asiyejua anaweza kukwangua hadi kwenye nyekundu, akafurahi kwamba amefika kwenye asili, kisha akaupaka mzinga mzima rangi nyekundu ambayo haukuwahi kuivaa hata siku moja.

Hatua inayofuata ni ya maabara. Kipande cha rangi kidogo kuliko punje ya mchele hutolewa kikiwa na tabaka zake zote, hugandishwa ndani ya resini, hukatwa na kung'arishwa ubavu, kisha huwekwa chini ya hadubini. Hapo kemia inatoa tarehe. Rangi nyeupe ya titani, kwa mfano, ilianza kuuzwa kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ikionekana ndani ya tabaka ya kijivu, kijivu hicho hakikuwepo Zanzibar Septemba 1914, hata kiwe kimepauka kiasi gani na kuonekana cha kale. Upo mtego mwingine: rangi zilizochanganywa na mafuta ya kitani hugeuka manjano zikikaa gizani. Kijivu kilichofunikwa miaka 100 kitaonekana kimeingia ukijani, na anayekilinganisha papo hapo na kadi ya rangi atachanganya rangi isiyo yake. Duara lililofunguliwa huachwa kwanza kwenye mwanga hadi umanjano upungue, ndipo hulinganishwa na vibao vya mfumo wa Munsell, ambavyo huipa kila rangi namba yake. Namba ndiyo ya kuandika kwenye jalada. Ukiandika tu kwamba ni kijivu cha wastani, hujamsaidia atakayekuja baada yako.

Tahadhari moja haina mjadala. Rangi za zamani za chuma, hasa ile nyekundu ya msingi, zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu inayobaki mwilini na kudhuru watoto zaidi. Hazisuguliwi kavu, hazichomwi kwa moto, na kilichokwanguliwa hakiachwi kipeperuke uani.

Na mashine ya kupulizia mchanga? Inafanya kazi haraka, na chuma hutoka kijivu safi ambacho kila mtu hukisifu. Kwa silaha ya kale ni janga. Juu ya mtutu wa Kijerumani kuna namba na mihuri ya kiwanda. Juu ya wa Kiingereza kuna mshale mpana wa mali ya serikali, na wa zamani zaidi una alama ya mfalme aliyetawala uliposubiwa. Kuna pia mistari myembamba ya tupa, nyayo za mkono wa fundi aliyechonga. Mchanga unaondoa yote hayo pamoja na kutu. Wahifadhi hutumia dawa ya kulainisha rangi inayopakwa kama uji mzito, vikwangulio vya mti au plastiki, kisu cha upasuaji penye maandishi, na subira. Tena si kila sehemu ilipakwa rangi. Mlango wa nyuma wa mtutu wa Königsberg hufungwa kwa kabari ya chuma inayoteleza kwa ubavu, na nyuso za namna hiyo, zinazosuguana, ziliachwa wazi na kulindwa kwa mafuta na grisi. Mzinga uliopakwa kila mahali, kabari na vyote, umepakwa na mtu ambaye hakujiuliza ulikuwa ukifunguliwaje.

Mizinga iliyotoka baharini ina shida ya aina nyingine. Mbele ya ngome hiyo hiyo ya Mombasa ilizama mwaka 1697 meli ya Kireno, Santo António de Tanna, wakati Waomani wameizingira ngome. Mabaki yake yalichimbuliwa chini ya maji kati ya 1977 na 1980 kwa ushirikiano wa Makumbusho ya Kenya na wanaakiolojia wa bahari waliokuwa chini ya Robin Piercy, na vitu vilivyopandishwa vilitibiwa katika maabara ya ngomeni. Huo ulikuwa mwanzo wa ujuzi mkubwa katika pwani yetu, na hausifiwi inavyostahili.

Chuma cha kusubu kikikaa baharini kwa karne kadhaa, maji ya chumvi hukila kwa ndani na kuacha mifupa ya grafiti. Umbo linabaki, maandishi yanabaki, uzito unapotea. Tufe la mzinga linatoka na ukubwa wake kamili lakini ukilinyanyua mkono unashangaa, na uso wake unaweza kukatwa kwa kisu. Chumvi iliyojificha ndani yake ndiyo adui. Tufe likiachwa likauke, hewa inakutana na kloridi ndani ya vitundu na kutu mpya huanza kwa kasi. Yapo yaliyopata joto la kuhisika mkononi muda mfupi baada ya kutolewa majini. Wiki chache baadaye linatoa jasho la manjano, linapasuka, na uso wa asili unabanduka magamba magamba. Mvuvi au mzamiaji anayelipeleka nyumbani na kuliweka sebuleni anakuwa amelihukumu.

Dawa yake ni kulizuia lisikauke, kisha kulizamisha kwenye maji yenye kostiki soda au soda ya kufulia na kupitisha mkondo mdogo wa umeme, kifaa kikiwa upande wa hasi na wavu wa chuma upande wa chanya. Kloridi hutoka taratibu. Maji hupimwa kwa nitrati ya fedha: yakichafuka weupe, chumvi bado ipo, humwagwa na kubadilishwa. Kwa tufe ni miezi mingi. Kwa mzinga ni miaka. Mizinga miwili ya manowari ya Marekani USS Monitor, iliyozama 1862, ilipandishwa pamoja na tureti lake la chuma, lile la kuzungusha mizinga, mwaka 2002, na imekaa kwenye matangi ya makumbusho ya Newport News, Virginia, kwa zaidi ya miaka 20. Hakuna aliyezembea, ndivyo chuma kinavyotaka.

Chumvi ikiisha, chuma huoshwa, hukaushwa na kupakwa asidi ya taniki, inayoungana na kutu iliyobaki na kuugeuza uso rangi ya buluu iliyokoza hadi nyeusi. Juu yake hupakwa nta. Weusi huo, wa kimya na usiong'aa, unakaribia zaidi sura ya chuma kilichotunzwa zamani kwa mafuta ya kitani na masizi kuliko rangi yoyote ya geti. Tanini inayofanya kazi hiyo ni jamii ya kemikali zilizojaa ndani ya magome ya mikoko, magome yale yale yaliyokuwa yakikusanywa Rufiji na Lamu na kusafirishwa kwa ajili ya kulainisha ngozi. Ningependa sana kuona vyuo vyetu vikijaribu tanini ya mikoko kwenye chuma cha ngome zetu.

Kwa bronzi kanuni inabadilika. Mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, Zanzibar, ilisimama kwa miaka mingi mizinga miwili ya bronzi yenye maandishi ya Kireno, ambayo inaaminika Waajemi waliiteka kwa Wareno mwaka 1622 na baadaye ikaletwa na Waomani. Ule ukijani na hudhurungi juu ya bronzi ya namna hiyo umechukua karne kujijenga na ndio unaokinga bronzi iliyo chini. Ukiusugua ung'ae kama sinia la harusi, umepunguza maandishi kidogo, na mwakani utapunguza tena. Kinachotakiwa kuogopwa ni unga wa kijani kibichi hafifu unaozuka kwa madoa. Huo ni ugonjwa wa kloridi, na unahitaji mtaalamu.

Nije kwenye makombora na maganda, maana hapa kurudisha rangi kunaweza kuua. Rangi ya kombora ni lugha. Katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Uingereza lilipaka manjano makombora ya baruti kali ya lidaiti. Pete nyekundu karibu na ncha ilisema limejazwa, na mkanda wa kijani ulitaja aina nyingine ya baruti. Makombora ya kutawanya vigololi yalikuwa meusi yenye ncha nyekundu. Leo katika majeshi mengi buluu ni ya mazoezi, na kijani cha jeshi chenye maandishi ya manjano ni cha baruti halisi. Kwa hiyo mwenye kombora lililothibitishwa kuwa tupu akilirudishia manjano na pete yake nyekundu, ametengeneza kitu kinachosema kimejaa. Makumbusho makini hukubali kufanya hivyo, lakini huacha tundu lililotobolewa lionekane, hugonga muhuri wa kudumu unaosema ni tupu, na huweka hati. Upande wa pili ni mbaya zaidi: rangi ya buluu, au kutu, haithibitishi chochote.

Tanzania haihitaji kukumbushwa kwa mifano ya mbali. Ghala la silaha la Mbagala lililipuka tarehe 29 Aprili 2009, la Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011; kila mara waliofariki walizidi 20, na makombora yaliruka na kutua kwenye makazi ya watu. Kitu chochote cha namna hiyo kinachookotwa shambani, ufukweni au kwenye vyuma chakavu hakiguswi, hakisuguliwi, hakipelekwi kwa fundi. Polisi na jeshi huitwa. Yote niliyoandika hapa yanahusu vitu ambavyo wataalamu wa milipuko wamekwisha kuvikagua na kuvithibitisha kwa maandishi.

Maganda ya shaba yana bahati yake. Mengi hayakufika makumbusho kwa sababu yalihitajika wakati ule ule: mwaka 1916, koloni likiwa limezingirwa, Wajerumani walipiga sarafu za dharura za heller huko Tabora, na sehemu ya shaba yake ilitoka kwenye maganda yaliyotumika. Ganda lililobaki, lenye mwaka na kiwanda chake kimepigwa kitakoni, halistahili kung'arishwa kila Jumamosi. Kitambaa kikavu na nta kidogo vinatosha.

Kwa mizinga inayokaa nje, utunzaji wa kila siku unazidi kazi yoyote ya kifahari. Mtutu uinamishwe kidogo mbele ili mvua isituame ndani; ukizibwa mdomo, uachiwe pa kupumulia. Usikae juu ya udongo wala nyasi, maana unyevu wa chini hula pasipoonekana. Kabla ya kusi na baada yake, chumvi ioshwe kwa maji baridi ya bomba na chuma kikauke kabisa. Rangi ikibidi kupakwa, na kwa chuma cha nje pwani inabidi, ipakwe juu ya tabaka ya kutenganisha inayoweza kuyeyushwa baadaye. Wahifadhi wengi hutumia resini ya Paraloid B-72, ambayo huyeyushwa kwa asetoni bila kukwangua kilicho chini. Rangi mpya inakuwa koti linalovulika, na isiwe ya kung'aa.

Gharama ya kuanza ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kabla kopo lijalo halijafunguliwa, kila ngome na kila makumbusho inaweza kufungua duara moja dogo kwenye kila mzinga, kulipiga picha kwa mwanga wa mchana pamoja na rula na kibao cha rangi, kuandika pete kutoka ndani kwenda nje, kisha kulifunika kwa resini angavu na kuliacha bila kupakwa, mahali pasipo na macho ya watu. Jalada la tarehe, jina la rangi iliyotumika, namba yake na sababu ya kuichagua linatosha kurasa mbili. Mizinga ya Mombasa, Pretoria na Jinja ilikuwa kwenye meli moja; tabaka zake za ndani kabisa zilipakwa na watu wale wale. Majalada matatu ya namna hiyo yakiwekwa pamoja, tutaweza kusema kwa uhakika Königsberg ilikuwa na rangi gani ilipoingia Zanzibar, na ni rangi gani iliyoongezwa Dar es Salaam baada ya Rufiji.